Siku Gari la Kakule Lilipopekuliwa

Kahindo, mdogo wangu,

Ninakuamkia wewe na nyumba yako yote huko Butembo. Magoti yako yanasemaje na ule mlima wa kwenda kanisani? Maharagwe ya Musienene yamechomoza, au mvua imewachezea tena? Mimi bado nipo. Moyo umechoka. Daktari aliniambia bila kuzunguka, binti yangu Kavira akanitafsiria bila kupunguza kitu, nami nikamshukuru kwa hilo. Siku hizi ninahesabu majuma, sihesabu tena miaka. Kwa hiyo nitaanza na lile ambalo wengine huliweka mwishoni.

Kuna jambo nimewaficha kwa miaka tisa. Ninyi nyote mnajua kwamba Kakule, mdogo wetu wa mwisho, ndiye aliyewaruhusu polisi kulipekua gari la familia, na kwamba kwa uzembe huo tulilipoteza. Mnajua hivyo kwa sababu mimi niliwaambia. Niliwadanganya.

Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, kama unavyofanya wewe. Lakini sauti hupotea kati ya picha za harusi na mahubiri, na kesho mtu anaweza kusema mzee alikuwa na homa. Mwandiko wangu unaufahamu. Unatetemeka, lakini ni wangu.

Mambo mawili yamenisukuma. La kwanza ni sauti yako ya juzi, uliponiambia kwamba baada ya mavuno jamaa watakaa kugawa shamba la baba pale Musienene, na kwamba Kakule asihesabiwe. Ulisema: "Yeye alifungula gari, atafungula na mulango ya boma." Wake wa ndugu zetu marehemu wakacheka nyuma yako, niliwasikia. Nilirudia kuisikiliza sauti hiyo mara nyingi.

La pili limetokea hapahapa Amerika. Kavira alikuwa ananirudisha kutoka hospitali, mchana, theluji imerundikwa kandokando ya barabara. Polisi mmoja akatusimamisha. Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Kavira akashusha kioo, akaniambia: "Papa, mikono yako uiweke juu ya magoti, usiguse kitu." Akatoa hati zake. Polisi akazitazama, kisha akauliza kwa tabasamu kama angeweza kuangalia kidogo ndani ya gari. Nilielewa kwa ishara ya mkono wake. Kavira akajibu kwa sauti ya upole, kisha polisi akauliza tena, kisha Kavira akajibu vilevile.

Nikamwambia kwa lugha yetu: "Mwache aangalie, tumalize. Kuna baridi, nami nimechoka."

Hakunigeukia. Alisema: "Papa, nyamaza. Mimi ndiye ninayeendesha."

Kahindo, tangu baba afariki hakuna mtu aliyewahi kuniambia ninyamaze. Nilinyamaza. Polisi akaandika karatasi ya ile taa, akampa, akaenda zake. Tulipofika nyumbani, Kavira alinipigia magoti, akaomba msamaha. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kujibu vile. Akacheka.

"Ni wewe, Papa! Umesahau? Ni mimi niliyekuwa ninawapikia wale madereva chai, pale kwenye salle, ule ukumbi wa kanisa. Nilizisikia zile somo mpaka nikazishika kwa kichwa."

Sheria za huku na za kwetu si moja, usidhani nimechanganya. Lakini maneno aliyoniambia ndani ya gari yalikuwa yangu.

Utakumbuka yale masomo ya Jumamosi. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na madereva wa Butembo waliniomba niwaeleze haki zao njiani, kwa sababu nilikuwa nimesoma, na nilikuwa na rafiki mwanasheria wa kumuuliza. Nilijitengenezea kofia ya katoni na kujifanya polisi. Benchi mbili zilikuwa gari. Kila dereva aliketi mbele, mimi nikamwamrisha afungue nyuma, yeye ajibu. Walicheka hadi machozi. Mmoja alinipa hongo ya ndizi mbili, nami nikazila mbele yao wote, kisha nikamwambia ameshindwa mtihani.

Niliwafundisha kwamba kuonyesha hati ni wajibu, lakini kupekuliwa ni jambo lingine. Uliza sababu, kwa adabu. Kama hakuna sababu, sema hukubali, tena kwa adabu. Wakitumia nguvu, usipigane nao, usikimbie, simama uone kila wanachogusa. Lakini usiwape neno lako, maana ukishawapa neno lako, kila kitakachotoka ndani ya gari kitaandikwa kwamba wewe mwenyewe ulikionyesha. Na jambo ambalo niliwarudisha kwalo kila Jumamosi: anayejibu ni aliyeshika usukani. Abiria anyamaze, hata awe mchungaji, hata awe baba mkwe.

Kakule alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alijibu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, bila hasira, bila woga. Wenzake walimwita avoka, kana kwamba amesomea sheria.

Sasa siku yenyewe. Nilialikwa Beni kuwafundisha madereva wa huko, na Kakule alikuwa ananipeleka kwa gari letu, lile tulilonunua baada ya kuuza miti ya baba. Mimi niliketi mbele. Nyuma walikuwa mama wawili wa soko na mwanaume mmoja mwenye koti, aliyepandia pale maegesho ya Butembo na mfuko wa viazi. Kakule aliuweka mfuko ule kwenye sehemu ya mizigo, akafunga kwa ufunguo.

Tulikuwa tumekwisha kupita Kalunguta tuliposimamishwa. Mkubwa wao aliketi mbali kidogo chini ya turubai, anaandika. Kijana mmoja wa polisi akaja dirishani. Akasoma hati zote.

"Fungula nyuma."

"Chef, bikaratasi biko sawa?" Kakule akamuuliza, akimpa ukubwa asio nao.

"Biko sawa. Fungula nyuma."

"Basi huko nyuma munatafuta nini, chef?"

"Weye ni avoka?"

"Hapana, chef. Niko shofa. Lakini ulizo ni ya avoka."

Wale mama wakacheka. Hata yule kijana alitaka kucheka. Kakule akazima gari, akaacha ufunguo mahali pake, akashuka, akasimama mbele yake, mikono wazi.

"Kama iko sababu, chef, uniambie, nifungule tuone sisi wote. Kama hakuna, minakatala. Na heshima yote."

"Basi mutalala hapa."

"Tutalala, chef."

Alisema hivyo kama nilivyomfundisha, na bora kuliko nilivyomfundisha. Ningepaswa kujivuna. Lakini nilitazama saa yangu. Madereva wa Beni walikuwa wananingoja saa nne, na saa nne ilikuwa imefika. Nusu saa ikapita. Jua likapiga kioo. Nikamwita kupitia dirisha: "Kakule, maliza basi." Akaja, akainama, akaniambia polepole: "Yaya, uvumilie. Ananichoka, atatuacha. Hii njo kazi yangu."

Yaya: ndivyo alivyoniita siku zote, mimi mkubwa wake.

Halafu sehemu ya nyuma ikafunguliwa. Polisi akatia mkono ndani ya mfuko wa viazi, akatoa jozi ya viatu vya kijeshi. Akatoa jozi ya pili. Kisha sare iliyokunjwa vizuri kama shuka ya mgeni. Wewe unajua vitu kama hivyo, mzigo wa waasi wa msituni, vina maana gani kwenye barabara ile, kwa watu waliokwisha kuzika wengi kiasi kile. Tulipogeuka kumtafuta mwenye koti, alikuwa amekwisha kuingia kwenye mikaratusi, hata viazi vyake hakuviaga.

Walimchukua Kakule pamoja na gari. Mimi waliniacha. Nikapata pikipiki hadi Beni, nikafika saa sita, vumbi hadi kwenye kope. Ukumbi ulikuwa bado umejaa. Wakaniuliza: "Mwalimu, kumepita nini njiani?" Nikaona nyuso zile, nikaona daftari zao zimefunguliwa kwenye ukurasa mweupe. Nikasema: "Mdogo wangu amekamatwa. Wamemuomba afungue, naye amefungua." Kisha, Mungu anisamehe, nikaendelea na somo. Nilimtumia Kakule kama mfano. Nilisema: mnaona mwisho wa dereva anayetoa neno lake?

Habari ikafika Butembo kabla yangu. Wewe uliniuliza nami nikakujibu hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu.

Alitoka baada ya miezi miwili, amekonda, anakohoa. Gari lilikuwa limebaki mwili tu. Kila kilichoweza kufunguliwa kilikuwa kimeondoka. Jioni ile alikuja kwangu. Mke wangu alikuwa hai bado, akampikia sombe na samaki. Alikula yote. Kisha akasema: "Yaya, kule kwa parking banasema ni mimi nilifungula."

Nikasema: "Watu wanasema mengi."

Akanitazama. Kahindo, alinitazama bila uchungu, kama mtu anayesoma kibao cha barabara na kuona kwamba njia imefungwa. Akasema: "Bon, sawa. Njo vile." Akanawa mikono, akaaga.

Mengine unayajua. Jina la avoka lilikufa, wakampa lingine, Chef Fungula. Alipopita maegeshoni walimwita: "Chef Fungula, kuja utufungulie chupa hii!" Hakuna aliyempa tena gari. Katika kilio cha mama, wewe ulisimama mbele ya wageni ukamwambia kwamba amemuua mama kwa huzuni, na mimi niliketi kwenye kiti cha mbele, nimevaa suti, sikufungua kinywa. Akahamia Kayna, analima udongo wa watu wengine hadi leo. Kila Krismasi ananitumia ujumbe: Yaya, afya? Hajawahi kuandika zaidi ya hapo.

Nimefikiri sana katika kitanda hiki. Huenda wangelipekua gari kwa nguvu, na viatu vile vingetoka hata hivyo. Huenda. Lakini angesimama mbele ya mkubwa wao kama dereva aliyekataa, aliyebebeshwa mzigo wa mtu aliyekimbia, na mama wawili wa soko wangemshuhudia. Badala yake waliandika kwamba dereva amekubali. Nilikuwa nikidhani haki ni maneno ambayo mtu aliyesoma anawagawia wasiosoma. Kakule aliielewa kwa namna nyingine: kwamba ilikuwa yake, kama jino lilivyo lake, na hakuna wa kuing'oa kwa niaba yake.

Kwa hiyo ninakuomba, usiisome barua hii peke yako halafu ukaificha kwenye Biblia. Kabla mtu yeyote hajataja shamba, mwiteni Kakule kutoka Kayna, aketi kati yenu, nawe usome kwa sauti, kuanzia salamu hadi neno la mwisho. Mafungu yangu yote katika shamba lile ninayaacha kwake. Lakini hilo ni dogo. Ninataka jina lake lisafishwe na kinywa kile kile cha familia kilicholichafua. Ukiona haya kusoma, fikiri haya yangu mimi ninayeandika.

Mchungaji mzee aliyetubatiza sote, mpe mkono kwa ajili yangu. Wake wa ndugu zetu marehemu, waambie sijakasirika kwa kicheko kile, hawakujua. Mume wako mshonaji, mwambie koti alilonishonea linayashinda ya wazungu hawa kwa joto. Fundi wa baiskeli, jirani yetu, kama bado anaishi, msalimie. Kwa Kakule sitoi salamu kupitia mtu. Kavira amenitafutia namba, na nitampigia ukishaniambia kwamba umesoma. Nisipowahi, basi wasingya, umwambie hivyo, kwa Kinande, kama mama alivyotushukuru tulipoteka maji.

Nimerudi juu na kusoma nilichoandika, nikaona kwamba pale njiani, baada ya Kalunguta, nimeruka kitu. Nimejaza kurasa hizi nikikizunguka. Sasa nakiandika.

Nilishuka garini. Nilichomoa ufunguo pale Kakule alipouacha, nikazunguka nyuma, nikamwambia yule kijana wa polisi: "Tazama, tazama, tuende." Kakule alisema: "Yaya, hapana." Akasema tena: "Yaya, hapana." Mara ya tatu akanyoosha mkono wake, ukafika karibu na wangu, ukasimama hapo, kwa sababu kwetu mdogo hamnyang'anyi mkubwa kitu mbele ya watu. Nami nilijua kwamba hatanyang'anya. Nikafungua. Viatu vilipotoka, mkubwa wao alikuja kutoka chini ya turubai, akauliza: "Nani amefungula hii gari?" Yule kijana alitazama chini. Mimi sikujibu. Kakule akasema: "Ni miye, chef. Huyu muzee ni abiria tu, mumuache aende, iko na kazi Beni."

Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwangu.

Kaka yako,
Mumbere