Kwa Mama Midoli, Aliyelipwa Kucheza

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke. Machozi yamepungua. Hasira bado, na hatuoni haya kusema.

Watoto wa kliniki walikuita Mama Midoli. Kazi yako ilikuwa kuwapima na kuwatibu waliobeba mazito moyoni, na uliwapima wakicheza: nani anamkumbatia mdoli, nani anamlaza mdoli wa baba nje ya nyumba. Vijana waliosemwa kwao kuwa wana kiburi uliwapa karata, ukacheza nao kimya mpaka wafungue mdomo wenyewe. Wazazi nao uliwavua viatu ukawakalisha mkekani. Siri zao hukuzileta nyumbani. Ulirudi na udongo wa kufinyangia kwenye kucha, basi.

Siku moja mkurugenzi wako alichungulia akakukuta umelala chali, ng'ombe wa plastiki kifuani. "Kumbe huyu tunamlipa kucheza!" Neno likaenea korido nzima. Ulipolazwa, akakigeuza chumba chako kuwa ukumbi wa mikutano. Nyumba ya midoli ikatupwa nyuma ya jenereta, ikanyeshewa. Kitandani uliuliza, "Wanangu sasa wanapokelewa wapi?" Hilo hatujamsamehe mkurugenzi.

Halafu mazishini akashika maiki, akakuita nguzo, akamwaga machozi ya mamba.

Basi sikia. Kitindamimba wako, uliyemfundisha kazi, amepanga chumba mkabala na geti la kliniki. Bango ameliandika Baba mwenyewe kwa rangi nyekundu: TUNACHEZA HAPA. Kutoka ule ukumbi linasomeka bila miwani. Wazazi wanavuka barabara na watoto wao, naye mkurugenzi anatazama. Akapiga simu: "Mzee, hilo bango linanidhalilisha jamani." Baba akamjibu, "Pole sana, mkuu. Tutaliwekea taa." Na imewekwa.

Juzi aliomba kuja kusoma hotuba kwenye kumbukumbu yako. Tumemjibu kwamba hatuna maiki, tuna mkeka. Avue viatu, akae chini, na watoto ndio watakaompangia acheze nini.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, wakwe zako, mdogo wako ambaye bado anakulilia akiwa jikoni, wajukuu, na watoto wote wa mkekani.

Wewe daima tutakukumbuka. Yeye tutamkumbusha.