Draiva Mbili za Waya wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa rasmi. Draiva zote za kiini cha programu ya friji ni zangu sasa — thelathini na nane, zote mkono wa Shangazi. Alistaafu mwezi uliopita. Yeye wakampa saa ya ukutani na maua, mimi wakanipa fujo yake. Ni shangazi yangu wa damu, dada wa baba, ndiye aliyenifundisha kuandika programu nikiwa na miaka kumi na mbili. Nampenda sana. Msimbo wake ni habari nyingine.

Friji zetu za chanjo zina vifaa vingi: kipimajoto, feni, skrini, king'ora. Kila kimoja kina draiva yake, kipande cha programu kinachojua kuongea nacho. Mtu angetegemea zipangwe kwa aina: vipimajoto huku, feni kule. Shangazi kazipanga kwa waya! Kuna faili inaitwa "waya2", kipimajoto na feni vimebanana humo ndani, bila hata mstari mmoja wa maelezo. Faili nyingine zote kazieleza vizuri. Hii, kimya.

Bosi wetu tunamwita Tarehe, maana salamu yake ni "lini?" Akauliza lini. Nikasema siku saba. Mdomo wangu huu utaniponza.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi tamu! Folda ya vipimo, folda ya feni, folda ya skrini. Kilichorudiwa mara nne sasa kipo mara moja. Kwenye mkutano wa asubuhi nikaonyesha kabla na baada. Nikasema ya zamani ilikuwa sawa na jiko ambalo chumvi inakaa kabati la viatu. Wakacheka, nami nikacheka. Baadaye niliona haya kidogo, kumcheka mtu ambaye hayupo.

Jumatano, 12 Machi

Imepita. Fundi wa majaribio aliiwasha friji ya ofisini siku mbili mfululizo: digrii nne, shwari. Programu mpya imeshatumwa kwenye friji kumi na moja, kila moja zahanati yake.

Nikampigia Shangazi kumwambia nimepanga upya faili zake. Akauliza kama nimezigusa za waya wa pili. Nikasema nimezigusa zote. "Haya, mwanangu," akasema, akaanza habari za bomba lake linalovuja.

Jumatatu, 17 Machi

Muuguzi wa zahanati moja kapiga simu. Mama mtaratibu, anaongea kana kwamba anaomba radhi. Alihamishia chanjo kwenye kasha la barafu ili asafishe friji, akaacha mlango wazi karibu saa nzima. Skrini ikaendelea kusema digrii nne. Akauliza kama tumetengeneza friji ya miujiza. Sikucheka.

Saa nane mchana nikawa nimelijua tatizo. Niliandike wazi, nisije nikajidanganya baadaye. Kipimajoto na feni vinatumia waya mmoja, lazima viongee kwa zamu. Kwenye faili ya Shangazi kulikuwa na kufuli moja: anayeongea analishika, mwenzake anangoja. Mimi nilipovitenganisha nikakipa kila kimoja kufuli lake — safi kabisa, kila kitu mahali pake! Sasa kila kimoja kinadhani waya ni wa kwake peke yake. Joto likipanda, feni inaongea bila kupumua na kipimajoto hakisikiki. Draiva ikikosa jibu inarudisha namba ya mwisho. Nne. Nne. Nne.

Yaani skrini inadanganya pale pale inapohitajika kusema kweli. Na ofisini, siku mbili nzima, hakuna aliyefungua mlango wa friji. Hata mimi.

Jumanne, 18 Machi

Marekebisho tayari. Mistari kumi na minne tu.

Tarehe anataka yatumwe na maelezo ya "maboresho madogo". Nikamwambia yule muuguzi alihamisha chanjo zake, lakini zahanati nyingine kumi hatujui. Kama kuna mahali mlango ulibaki wazi, chanjo imepata joto, skrini imesema nne, na watoto wanachomwa dawa iliyokufa. Akasema huo ni uwezekano tu. Akasema tukiandika hivyo hakuna atakayetuamini tena. Hana roho mbaya, ana woga. Nami ninao. Maelezo naandika mimi, ruhusa ya kutuma ni yake.

Jumatano, 19 Machi

Kwa Shangazi, saa kumi. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Alisikiliza huku anakunja nguo. Nikauliza mbona faili ile hakuieleza, wakati nyingine zote kazieleza.

"Ningeandika nini?" akasema. "Kwamba niliwahi kuvitenganisha?"

Miaka kumi na tisa iliyopita. Kosa lile lile, friji sita. Aliligundua mwenyewe, akavirudisha faili moja, akatuma bila kusema neno. Hakuna aliyeuliza. Kueleza kwa nini vikae pamoja kungekuwa kueleza kilichotokea, kwa hiyo hakueleza. Mpaka leo hajui kama kuna mtoto aliyedhurika. Hapo alikuwa ameshika shati moja muda mrefu bila kulikunja.

"Na wiki iliyopita nilipokupigia," nikamuuliza, "mbona ulitaja waya wa pili ukaishia hapo?"

"Nilitaka kukwambia. Aibu ikaniziba mdomo."

Nimeondoka bila kumaliza chai yake. Nikalia njiani, hasira na huruma kwa pamoja. Angesema neno moja! Lakini hata mimi ningeuliza neno moja, kabla ya kuvunja kitu nisichokielewa. Niliona faili haina maelezo nikadhani haina sababu.

Alhamisi, 20 Machi

Maelezo nimeandika tangu asubuhi. Kilichotokea, friji zipi, na kwamba chanjo yoyote iliyokuwemo tangu tarehe 12 isitumike mpaka ikaguliwe. Jina langu chini. Tarehe kayasoma amesimama. Akasema anahitaji kufikiri mpaka kesho.

Saa nne na nusu, ujumbe wa Shangazi: "Andika na lile kosa la kwanza. Weka na jina langu." Nimeongeza aya moja. Jina lake nimelifuta na kuliandika tena mara tatu; langu niliandika mara moja tu.

Saa tano. Tarehe hajatoka ofisini kwake.

Saa tano na robo. Nimekumbuka yule muuguzi alisema wanachoma chanjo mpaka saa saba. Leo pia, bila shaka. Jana pia. Siku tatu nimebishana juu ya maelezo, nani aandike, nani aruhusu, na muda wote simu ipo mezani kwangu na namba kumi na moja ziko kwenye orodha ya wateja. Sikupiga hata moja! Nilikuwa nangoja kuruhusiwa.

Ruhusa bado sina. Nimeshika simu mkono wa kushoto, naandika na wa kulia. Zahanati ya kwanza. Inaita.