Mawe Yaliangukia kwa Nani

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba, mwanangu. Hapa Keza tu wazima, ila babu yako anakohoa kidogo. Maharage yamechanua.

Swali lako limenikera, sifichi. Unauliza kama uende kusomea kutengeneza miali ya leza ya kuangushia makombora, "maana inakinga tu, bibi, haiui mtu." Maneno hayo nayajua tangu usichana wangu. Redio ilitangaza kwamba taifa moja kubwa litaweka miali angani, na makombora yatateketea huko huko juu. Hawakuweza. Baadaye wakaifunga kwenye ndege, wakaiacha. Leo iko kwenye meli na magari, inachoma droni.

Msimu ule wa tangazo la redio tulikuwa na mzee wa kuzuia mvua ya mawe. Kila nyumba ilimpelekea pombe ya ndizi, isipokuwa shangazi yangu, mjane, ambaye hakuwa nayo. Wingu lilipokuja, mzee alipanda mlimani akalipungia pembe yake ya dawa, likageuka. Migomba yetu ikapona, watu wakapiga vigelegele. Mawe yote yakamwagika kwa shangazi. Nikamuuliza baba tunashangilia nini.

"Nyamaza," akasema. "Shamba letu limepona."

Hasira ile ninayo mpaka leo.

Kasome hiyo leza, sikuzuii. Lakini siku watakapokuonyesha kombora likipasuka angani, wote wakipiga makofi, wewe usipige mpaka wakuambie vipande vimeangukia kwa nani.

Ni mimi bibi yako, ambaye bado sijanyamaza.