Picha ya Mama Iondoe Ukutani

Machimboni, Geita
Jumatatu

Dada Kabula,

Shikamoo. Najua barua zangu huwa unazisoma kwa sauti, mama akiwa kwenye kigoda chake na majirani wakisikiliza. Hii usiisome hivyo. Kama umeshaifungua mbele yao, sema Masanja anawasalimu, huku mvua ni nyingi, kisha ikunje. Mwili wangu ni mzima. Zaidi ya hapo sina la kujisifia. Ninyi hamjambo? Nauliza huku naogopa jibu.

Kazi yangu unaijua. Nazunguka na kamera kwenye maduara, hayo mashimo wanayochimba dhahabu, napiga picha wachimbaji. Mikanda naipeleka Mwanza kusafishwa, na kila Jumamosi nagawa picha kwenye banda la uji la Mama Shija. Mwanzoni nilikuwa nawatoa watu weusi kama masizi, hata pua haionekani. Kifusi cha huku ni cheupe, jua likikipiga linarudi lote, basi kale kamshale ka kupimia mwanga ndani ya kamera kanakuambia mwanga umezidi. Ukikasikiliza unabana tundu la lenzi, kumbe usoni kwa mtu mwanga ni mdogo. Nikajifunza kupima kwanza nyuma ya mkono wangu mwenyewe, ngozi kwa ngozi, ndipo nimgeukie mtu. Tangu hapo sikukosea, nikaanza kutamba: picha za Masanja hazisemi uongo. Nilisema hivyo kila banda.

Mama Shija alikuwa rika la mama yetu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya kila mama aliyepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe miaka yote. Aliomba picha ya kumpelekea binti yake Chato, na akataka apigwe ndani, karibu na kabati lake jipya la vyombo. Nikapima, mshale ukalala chini, hauinuki. Ningemwambia tu, "Mama, sogea hapa mlangoni, mwanga unatosha." Nilikuwa na haraka zangu. Nikachomeka flashi, nikampiga kwa karibu.

Picha ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Ungeweza kuhesabu vikombe kabatini. Ila machoni, penye mboni, palikuwa pamewaka nyekundu kama makaa. Ni flashi, dada. Mtu akikaa gizani mboni hufunguka, na ukimmulika kwa karibu, damu iliyo nyuma ya jicho hurudisha mwanga. Niliyaona hayo macho nikiwa Mwanza, nikayapuuza.

Jumamosi hiyo picha ikapita mkono kwa mkono kama kawaida yao. Watu wakawa wanaonyeshana yale macho kwa kidole. Mzee mmoja, ambaye duara lake lilikuwa halijatoa kitu kwa miezi, akaniuliza, "Hii umeipiga wewe?"

"Ni flashi tu, mzee."

Akatoa yake mfukoni. "Mbona mimi sikutoka hivi?"

Yake niliipiga nje, juani, bila flashi. Nikaanza kueleza, wakacheka. "Si wewe unayesema picha zako hazisemi uongo?" Nami nikaendelea kugawa picha. Wale ni wateja wangu, dada, nikaona nisiwaudhi. Mama Shija akaichukua picha yake, akanishukuru, akasema nimempendezesha.

Alhamisi akakutwa ameuawa ndani ya nyumba yake, eti picha imemfichua kuwa ni mchawi.

Mwanawe, Shija, alikuwa shimoni siku hiyo. Hajanitukana. Aliniuliza tu kuhusu mama yake, "Kwa nini hukumtoa mayu nje?" Kamera siwezi hata kuishika. Angenipiga ningepumua kidogo.

Sasa nisikilize. Ile picha ya mama, niliyompiga nilipokuja kwenye msiba wa mjomba, niliipiga ndani, karibu na meko, kwa flashi. Macho niliyaona. Nikaituma hivyo hivyo. Wewe ukaniandikia kwamba mama ameitundika sebuleni na kila anayeingia anaonyeshwa. Katika barua hiyo hiyo ukasema ndama watatu wa jirani wamekufa, na kwamba siku hizi jirani hapiti tena kusalimia. Uliandika kama habari tu. Mimi nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imechanika.

Ningekuja mwenyewe leo. Askari wamenikataza kutoka hapa mpaka maelezo yangu yakamilike, na hawasemi lini. Barua hii anakuletea dereva wa lori aendaye Isaka, ataishusha Ibadakuli. Ni mtu mwaminifu, lakini barabara imejaa matope na sijui atafika lini.

Ukiisoma, inuka hapo hapo. Picha iondoe ukutani, uitie motoni. Mama akilalamika, mwambie nimeharibu, nitampiga nyingine iliyo nzuri. Akinung'unika, mwache anung'unike. Lakini ukikuta ukuta mtupu, ujue imeshaanza kupita mkono kwa mkono; usiulize nani kaichukua. Usimuulize mtu yeyote. Mshike mama mkono, panda naye basi la kwanza, lolote lile, liendako liende. Nguo mtapata mbele ya safari. Moyo wangu unaniambia picha haipo tena.

Nisalimie shemeji, mumeo, awasindikize mpaka stendi, na shangazi umwage kimya kimya. Mama mpe shikamoo yangu mkiwa ndani ya basi.

Mdogo wako,
Masanja