Msikiti wa Tatu

Jumatatu, 20 Aprili
Xintang, kwenye viwanda vya Wachina, tangu saa mbili asubuhi. Marobota matatu ya jinzi, moja zipu mbovu. Nimelirudisha. Laoban, bosi mwenye kiwanda, kanuna. Anune. Mteja wa Kariakoo akikuta zipu hazipandi, jina linaloharibika ni langu.

Baba kesho anaingia Baitul Muqaddas, kuswali Aqsa. Makka kashaswali, Madina kashaswali, umebaki huu wa tatu. Ana miaka sabini na minane. Safari ni zawadi yangu. Kaka Salum alipinga tangu mwanzo: kule hakutulii, mzee wa sukari unampeleka wapi? Nikamwambia ana wivu.

Jumanne, 21 Aprili
Pazhou kwenye maonyesho ya bidhaa, na wateja wawili kutoka Dar. Miguu imevimba. Msafara wa Baba umekwama mpakani upande wa Jordan. Hadi naandika hawajavuka.

Jumatano, 22 Aprili
Saa sita mchana imeingia simu ya namba nisiyoijua. Mwanamke, Kiswahili cha Moshi. Anaitwa Mama Neema, Mlutheri, kaenda kuhiji na watu wa kanisa lake. Yuko hoteli moja na Baba, na simu ya Baba imezima, kwa hiyo kampa yake. Wamefika jana usiku wamechoka, wakalala. Alfajiri ving'ora. Uwanja wa ndege umefungwa, milango ya mji mkongwe imefungwa. Wote wako chini ya hoteli, kwenye stoo. Waislamu hawajafika Aqsa, Wakristo hawajafika kwenye kaburi la Yesu.

Kisha Baba mwenyewe. Sauti ya mtu aliye harusini. Kasema nisiogope, kapanda juu ya paa na kaliona kuba la dhahabu.

Juu ya paa! Ving'ora vinalia!

Hapo VPN ikakata, na bila VPN WhatsApp huku haifunguki. Nimehangaika nayo saa nzima. Salum kaandika mstari mmoja tu: umefurahi sasa?

Naogopa.

Alhamisi, 23 Aprili
Limepatikana basi moja la kwenda Jordan, linaondoka saa tano yao, saa kumi yetu. Anayetaka apande, anayetaka abaki. Kundi la Mama Neema limeamua kungoja kutulie. Baba naye hapandi. Kesho Ijumaa, kasema, nayo ndiyo aliyoijia, harudi akiwa mlangoni. Na akifa huko, kwake ni bahati.

Bahati! Na mimi je? Nitaitwa aliyempeleka baba yake vitani. Nimempigia mara tatu. Yeye mtulivu, mimi napiga kelele kiwandani katikati ya marobota mpaka mashine zikasimama. Laoban kaniletea maji ya moto kwenye glasi, kasimama karibu yangu.

Nikampigia Mama nyumbani Unguja. Nilimtaka aseme anaumwa, ili Baba apande basi. Kanijia juu: usinizulie maradhi, yakanisikia!

Basi nikasema bila yeye. Kumwambia Baba mwenyewe niliona aibu, nikamwambia Mama Neema. Eti Mama kaanguka, yuko hospitali, anamwita mumewe. Masikini, kasema poleni sana, Bwana awatie nguvu, akakimbia kumwita. Baada ya nusu saa kanitumia ujumbe: Baba yuko kwenye basi, dawa zake za sukari kazifunga yeye mwenyewe. Alipopanda, Baba kageuka kuangalia upande wa kuba.

Sijawahi kumdanganya Baba, hata utotoni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imemfikisha Baba mpakani, na inatosha.

Ijumaa, 24 Aprili
Kavuka. Yuko Amman. Nimelia kama mtoto.

Adhuhuri nimekwenda msikitini, ule wa upande wa Liuhua. Umejaa mpaka uani. Khatibu kahutubu Kichina, sikushika kitu. Nilikuwa na dua moja tu: milango ya Aqsa leo isifunguliwe. Ili nisiwe nimemdhulumu. Dua gani hiyo, tena ndani ya msikiti? Nikaleta istighfari. Kisha dua ile ile nikaiomba tena.

Jumamosi, 25 Aprili
Ujumbe wa Mama Neema. Jana ving'ora havikulia kabisa. Milango ilifunguliwa kabla ya adhuhuri, wazee wakaruhusiwa kuingia. Wenzake Baba waliobaki wameswali ndani. Wamerudi hotelini wanalia kwa furaha, wakagawa tende hadi kwa Wakristo. Leo asubuhi Wakristo nao wameingia kwenye kaburi la Yesu. Huko Mama Neema kamwombea mama yangu apone.

Nimeusoma mara nne. Kisha nikazima simu.

Jumapili, 26 Aprili
Sikutoka.

Jumatatu, 27 Aprili
Baba kafika nyumbani jana. Mama yuko kitandani, eti katoka hospitali, kafunga kitambaa kichwani, kwa ajili ya kunisitiri mimi. Kanitumia ujumbe wa sauti kwa kunong'ona: nimelala kama maiti kwa uongo wako, na Mungu ananiona.

Mchana kanipigia Baba. Anamlisha Mama uji kwa mkono wake, kijiko kimoja kimoja, na Mama anameza. Kauliza kama nimekula. Kauliza biashara. Nilimngoja aseme habari za Aqsa, akasema msikiti haukimbii, Mungu akipenda atarudi. Sikumwuliza atarudi lini.

Mwisho kanishukuru. Allah akuweke mwanangu, kasema, ungechelewa kunambia nisingejisamehe.

Nikaitikia amin.