Akiba Iliyoozea Juu ya Spika

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa mlinilea hivyo, si kwa kuwa hasira zimeisha. Jumamosi hii tunamfanyia Neema sendofu, na kitindamimba wako huyo ameniuliza swali lililopaswa kujibiwa na wewe: "Dada, yako wapi yale maneno aliyoniachia Mama?"

Unakumbuka siku uliyoileta ile kompyuta? Kiwanda cha minofu ya samaki ulikokuwa karani kilinunua mpya, kikawauzia wafanyakazi zile za zamani. Uliisukuma kwa mkokoteni mpaka Mabatini, umeifunika kitenge cha Mama isilowane na mvua. Majirani walijaa mlangoni. Mama alikuwa hawezi tena kushika kalamu, vidole vimevimba kwa ugonjwa, lakini alicheka akasema, "Basi mwanangu ataniandikia." Siku ile nilikupenda sana, Baba, sikufichi.

Tukamhamishia godoro sebuleni. Nikitoka chuo cha upigaji chapa nakaa naye, anasimulia hadithi zake, Kiswahili kikimwishia anaendelea na Kisukuma. Nikijitia kunyoosha sentensi ananing'akia: "Andika nilivyosema, usinisahihishe." Mwishoni kabisa akasema maneno ya Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, asomewe siku ya kuagwa kwenda kwa mume. Printa hatukuwa nayo. Nikanakili kila kitu kwenye disketi, nikazifungia ndani ya kopo la biskuti chumbani.

Mama alipofariki ukazitoa. Ukazipanga juu ya spika kubwa ya redio, penye kitambaa cha kufuma na picha yenu ya harusi, maana kwetu kitu cha heshima hukaa hapo. Kila mgeni alionyeshwa: "Humo yumo mke wangu." Nikakwambia mwalimu wangu ametuonya kwamba ndani ya spika kuna sumaku, na sumaku hufuta disketi. Ukanijibu mbele ya wageni, "Mtoto wa juzi utanifundisha redio yangu?" Nikaomba basi nakala moja nimpelekee mama mdogo kule Magu. Hiyo nayo ukakataa: "Maneno ya mke wangu hayatalala kwenye nyumba ya watu." Nyumba ya watu! Mdogo wake, tumbo moja!

"Akiba haiozi," ulipenda kutuambia kila ulipofunga gunia la mpunga. Ikaja siku umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikatoa moshi. Hukutishika hata kidogo. Ulivaa suti yako tukapeleka disketi kwa fundi mjini. Akaingiza moja, akaingiza nyingine, akazimaliza zote, akatikisa kichwa. "Mzee, humu hamna kitu." Na uliishi miaka mingi baada ya hapo, Baba. Ulikula chakula changu, nikakuuguza, nikakuogesha, na neno samahani hukulitamka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiposikia la mdogo, guu linalovunjika ni la nani? Ni la Neema.

Siku hizi nina kompyuta yangu, nyumbani kwangu Buswelu. Nimeandika upya yote ninayoyakumbuka. Nakala ninayo mimi, nyingine iko Magu kwa mama mdogo, kwenye hiyo nyumba ya watu, na inalala salama tu. Hadithi zimerudi karibu zote kwa sababu Mama alizirudia tangu utoto wangu. Ya Neema aliyasema mara moja tu.

Nimebaki na mwanzo wake: "Neema, siku ukiagwa, usinitafute..." Asimtafute wapi? Sijui. Nimejaribu kumalizia mwenyewe, nikafuta, kwa sababu aliniambia nisimsahihishe.

Jumamosi nitashika kipaza sauti. Nitasema hayo machache, kisha nitanyamaza, na ukumbi mzima utadhani nimezidiwa na machozi.

Kwaheri, Baba. Kama uko na Mama huko, mweleze wewe mwenyewe kwa nini nimenyamaza.

Ni mimi binti yako mkubwa,
mwandishi wa Mama