Sisi Tulioiombea China

Albert Park, Durban
Septemba 2015

Kwa Kaka yangu mpendwa Léonard,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji Immaculée na watoto. Je, mgongo wako umepoa? Na Mama, bado anagombana na majirani? Kama anagombana, basi ni mzima, tumshukuru Mungu. Sisi huku tunapumua. Mke wangu Cathy anakusalimu sana.

Ujumbe wako niliupata Jumapili: kwamba mgodi umewasimamisha kazi kwa sababu China hainunui tena shaba kama zamani, na kwamba unataka kuja Durban nikutafutie nafasi kiwandani kwetu. Nilisema nitajibu. Mambo haya hayasemeki kwenye simu, ndiyo maana nimempa barua Jeancy anayerudi huko kwenu Kolwezi.

Kwanza ujue kwamba hatukukusahau. Tangu mwanzo wa mwaka redio hazina habari nyingine: China itapaa, China itapunguza mwendo, China itaanguka na dunia nzima. Kila mtaalamu na unabii wake. Mchungaji wetu Juvénal akaona tufunge na kuiombea kila Ijumaa, maana nusu ya watu wa chumba chetu cha maombi wana ndugu migodini. Desturi yetu unaijua: mgonjwa akiwa mbali, huletwa nguo yake tuiwekee mikono. Sasa nguo ya China tutaitoa wapi? Mama Bernadette akasema mbona sote tumeivaa! Tukacheka, tukakaguana lebo za kola, na kweli. Hata mimi ninayeshona mashati kiwandani huku Mobeni nilikuwa nimevaa la China, maana ya kwetu bei yake siiwezi. Basi tukawekeana mikono mabegani, watu wazima na akili zetu.

Sonia, Mrundi tunayekaa naye cherehani kwa cherehani, hakuweka mkono. Alisimama akasema, “Eish, pasteur, hiyo China iko inakula kazi yetu, na sisi tunaiombea chakula?” Mchungaji akamjibu kwamba Mungu anajua kuchambua. Tangu siku hiyo chumba kiligawanyika. Wa migodi waliomba China inyanyuke, wa cherehani waliomba ianguke, na kwa kuwa tunaomba wote kwa sauti kwa wakati mmoja, sijui huko juu walisikia nini. Cathy alikuombea wewe. Mimi nilitikisa midomo tu. Ikipanda, wewe utakula na mimi nitakwisha. Ikishuka, utakwisha wewe. Nilidhani angalau mmoja wetu atapona, na sikuthubutu kumchagua.

Kumbe hata hilo la kuchagua halikuwepo. China ilipoyumba, mashati yaliyokosa wanunuzi kwingine yaliletwa huku kwa bei ya chini zaidi. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Huyu wetu hakupigana na mtu, kaka. Amejikwaa tu, na nyasi zimeumia Kolwezi na Durban siku moja. Jumatano iliyopita bosi alitukusanya katikati ya meza za kukatia, akasema maduka yameacha kuagiza kwetu, kwa sababu shati la kule lililokwisha kushonwa ni rahisi kuliko kitambaa chetu kitupu. Ijumaa geti likafungwa. Sonia alilia mpaka stendi ya teksi. Nafasi uliyoniomba haipo, na yangu haipo. Barabarani nako, tangu vurugu za Aprili za kuwapiga wageni, mtu wa kwetu anauza huku anaangalia nyuma.

Jioni ya Ijumaa hiyo hiyo mchungaji alituuliza tuombe nini sasa. Tukaimba wimbo mmoja tukatawanyika.

Liko jambo ambalo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza. Ujumbe wako ulinikuta nimepiga magoti sakafuni, nafunga begi. Mimi na Cathy tulikuwa tumeamua kurudi nyumbani. Nilikuwa nakuja kwako, kaka, unitafutie kazi mgodini. Nilikuwa hata nimeanza kukuandikia kwenye simu, wako ukatangulia. Begi liko pale pale. Cathy analiruka akienda kupika. Nakuambia usije, kaka, na naogopa.

Wabusu watoto, msalimie shemeji na majirani wote wanaotuulizia. Mama mwambie sisi tu wazima na kazi inaendelea. Najua na wewe umemwambia hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Honoré